Wasomaji Wanauliza: Ameacha Pombe, Sasa Anaona Wadudu Ukutani

Barua tulizozichagua mwezi huu zote zinahusu pombe. Anayezijibu ni daktari wetu wa magonjwa ya akili. Majina ya waandishi hatukuyachapisha, na baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Daktari, shikamoo. Mume wangu ni fundi seremala mwenye umri wa miaka 44. Alianza na mbege kama vijana wengi wa huku kwetu, baadaye akahamia pombe kali za chupa ndogo, na kwa miaka kadhaa sasa haendi kazini asubuhi bila kwanza kuzimua. Hivi karibuni wazee wa ukoo walimweka kikao, akaapa mbele yao kwamba hatagusa tena pombe, na kaka yake akakaa naye nyumbani ili asitoroke. Siku ya kwanza jioni mikono ilianza kutetemeka hadi chai ikawa inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Usiku wa pili alianguka, akakakamaa na kujing'ata ulimi. Siku ya tatu alikuwa akifukuza wadudu ukutani na kuzungumza na marehemu baba yake. Mama mkwe alisema ni kiapo kimemrudi, wengine wakasema ana mashetani. Mwishowe shemeji alimletea gongo nusu glasi, akanywa, akatulia, akalala. Sasa anakunywa kama zamani na hakuna anayethubutu kumgusia habari ya kuacha. Je, huu ni ugonjwa au ni mambo ya kiapo? Na kama kuacha kunamletea haya, aache vipi? (Mama wa watoto watatu, Kilimanjaro)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Ulichokieleza ni ugonjwa, na umeueleza kwa mpangilio ambao daktari yeyote angeutambua kabla hujafika mwisho wa barua. Pombe hutuliza ubongo. Mtu anapoinywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujizoesha kufanya kazi ndani ya utulivu huo wa kuazima: hupunguza nguvu zake wenyewe za kujituliza na kuongeza zile za kujiamsha, ili mwenye nao aweze kusimama, kuongea na kushika randa. Pombe ikiondolewa kwa ghafla, nguvu za kuamsha hubaki peke yake, kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango uliozuiwa na mwenzake kwa upande wa pili, kisha mwenzake akaondoka bila kumwambia. Ndiyo maana kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege, kama lile lililomfanya ajing'ate ulimi, hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, kuona maruweruwe na kuchanganyikiwa hadi kuongea na marehemu hufuata kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, mara nyingi pamoja na homa na shinikizo la damu kupanda. Hali hii ya mwisho ikiachwa bila matibabu huweza kuua. Gongo ilimtuliza kwa sababu iliurudishia ubongo kile ulichokuwa umekikosa, na jambo hilo moja linatosha kuonyesha kwamba kiapo hakikuhusika.

Kuzimua ndiko kulikopaswa kuwashtua mapema. Mtu anayekunywa jioni akaamka na kichwa kizito amelewa tu, lakini mtu anayehitaji pombe asubuhi ili mikono itulie tayari mwili wake unaitegemea, hata kama hajawahi kuonekana akipepesuka. Watu huku kwetu humcheka anayelala mtaroni na kumsifu yule anayekunywa "kiume" bila kuyumba, ilhali huyu wa pili, aliyezoea kiasi hicho hadi hakionekani tena usoni mwake, ndiye ambaye kumfungia ndani kwa siku 3 bila dawa ni hatari zaidi.

Wazee wa ukoo hawakukosea kumketisha. Kikao chao kilifanya kazi ambayo sisi madaktari tunashindwa, yaani kumfanya mtu mzima akiri mbele za watu kwamba hali imemshinda. Kilichokosekana ni hatua ya kumpitisha hospitali kabla ya kumkalisha nyumbani. Kwa kuwa amekwisha kupata degedege mara moja, asijaribu tena kuacha akiwa nyumbani, hata kwa kupunguza kidogo kidogo, kwa sababu aliyelipata mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kulipata tena. Hadi siku atakapofika hospitali, msimnyime pombe kwa nguvu, ingawa najua ushauri huo utawashangaza mama mkwe na mashemeji. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambayo kwenu ni Mawenzi, na mseme waziwazi mlangoni kwamba amekuja kuachishwa pombe na kwamba aliwahi kuanguka.

Nasisitiza neno "waziwazi" kwa sababu aibu hapa hugharimu maisha. Mara nyingi mgonjwa hulazwa kwa jambo jingine kabisa, tuseme amevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, na ndugu wanapoulizwa kama anakunywa wanajibu kwamba ni mtu wa kanisani, hagusi. Siku ya pili wodini anaanza kutetemeka na kupayuka, kila mtu anadhani ni malaria iliyopanda kichwani, anatundikiwa dripu ya sukari, na hali inazidi kuwa mbaya. Wanywaji wa muda mrefu huwa na upungufu mkubwa wa vitamini B1, kwa sababu hawali vizuri na utumbo wao haufyonzi vizuri kile kidogo wanachokula, na sukari nyingi ikiingia mwilini kabla ya vitamini hiyo inaweza kuharakisha madhara kwenye ubongo: macho kucheza, miguu kukosa mwelekeo, na baadaye kupoteza kumbukumbu kwa namna ambayo haitibiki kikamilifu. Muuguzi akijua ukweli, sindano ya B1 hutangulia au huenda pamoja na dripu, na mgonjwa hupewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu kwa kiwango kinachotosha, kisha hupunguzwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi. Sehemu hii ya tiba haina maajabu na haihitaji mashine za gharama.

Kazi ngumu huanza akishatoka. Wiki moja ya dawa huutoa mwili kwenye hatari, lakini haiondoi hamu. Fundi ana mitego yake: mteja anayelipa nusu kwa fedha na nusu kwa chupa, jioni ya kumaliza kabati na wenzake wanataka "kulifungua", na kwenye sherehe za ukoo kata ya mbege inazunguka na anayeipisha anaonekana kuwadharau wazee. Waombeni wazee walewale waliomwapisha wamtangazie ruhusa ya kuipisha kata hiyo, kwa sababu ruhusa ikitoka kwao hakuna kijana atakayemkebehi. Akubaliane na wateja walipe kwa simu badala ya mkononi, na fedha ziingie mahali ambapo ninyi wawili mnaziona. Kama kuna kikundi cha watu wanaopona ulevi karibu nanyi, aende, kwa kuwa huko atakutana na watu wasioweza kudanganywa na visingizio ambavyo wao wenyewe walivitumia. Akianguka tena baada ya miezi, msikimbilie kusema amevunja kiapo. Wengi hurudi nyuma mara moja au zaidi kabla ya kuacha kabisa, na anayerudi hospitali mapema hupona haraka kuliko anayejificha.

Nawe, dada, acha kulipa madeni yake kwenye grosari na acha kuwaambia wateja kwamba ana homa. Najua unafanya hivyo kulinda jina la nyumba, lakini kila deni unalolifuta linamwondolea sababu ya kujitazama. Hukuandika kama anakupiga. Kama anakupiga, usikubali kuambiwa kwamba ni ugonjwa na uvumilie: waraibu wengi wa pombe hawampigi mtu, na anayepiga anastahili kufikishwa kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi hata kama siku hiyohiyo anastahili pia kitanda hospitalini.

SWALI: Hapa Mwanza kuna mama anayeuza unga wa kumtilia mlevi kwenye chai bila yeye kujua, na inasemekana akinywa pombe baada ya hapo anatapika hadi anaichukia. Kaka yangu anatumaliza. Nimtilie? (Dada yake, Mwanza)

JIBU: Usimtilie. Ipo dawa ya kweli inayofanya kitu kama hicho, inaitwa disulfiramu, na labda sifa za unga huo zimeazimwa kwake. Ini huivunja pombe kwa hatua mbili: kwanza huigeuza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu huzuia hatua ya pili. Mtu akinywa, sumu hujikusanya, uso unawaka, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unakimbia na shinikizo la damu linashuka. Kwa mwenye moyo dhaifu huweza kuwa mwisho wake. Ndiyo maana daktari humpa dawa hiyo mtu anayeijua na kuitaka, baada ya kumpima, tena akiwa amekaa bila pombe kwa siku nzima angalau, na kumwonya kwamba hata dawa ya kikohozi yenye pombe ndani yake inaweza kumwangusha, na kwamba athari yake huendelea hadi wiki 2 baada ya kidonge cha mwisho. Asiyejua kwamba ameimeza hawezi kujilinda. Atakwenda kilabuni jioni kama kawaida, na wewe ndiye utakayeulizwa na polisi.

Na kama unga wa mama huyo si disulfiramu, basi ni kitu ambacho mimi na wewe hatukijui, ndani ya kikombe cha mtu ambaye ini lake tayari limechoka. Kuna hasara nyingine pia: siku atakapogundua, hatakunywa tena chai ya mkono wako, wala hatasikia ushauri wako.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori. Siku ya mapumziko hunywa bia sita kuanzia saa moja jioni hadi saa sita usiku. Saa kumi na moja alfajiri napata supu ya moto na kahawa, nashika njia nikiwa mzima kabisa. Wenzangu wanasema supu inakata pombe. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Supu inakurudishia maji na chumvi, na kahawa inakuondolea usingizi, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoigusa pombe iliyo kwenye damu. Tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Bia sita ni gramu 120. Ini la mtu mzima huchoma kati ya gramu 7 na 10 kwa saa, na mwendo huo haubadiliki kwa kuoga maji ya baridi, kukimbia wala kutapika alfajiri. Kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri kuna saa 10, maana yake ini lako limechoma gramu 70 hadi 100. Unapowasha lori bado umebeba gramu 20 hadi 50, sawa na mtu aliyekunywa bia moja hadi mbili na nusu akiwa ameketi kwenye usukani. Ule uzima unaousikia ni kahawa, na kahawa humfanya mlevi awe macho bila kumfanya awe mwepesi wa kukanyaga breki.

Kwa wale wanaodhani wamekwepa hesabu hii kwa kuacha bia na kunywa kali, chupa ndogo ya mililita 250 yenye kilevi cha asilimia 35 ina karibu gramu 70, yaani bia tatu na nusu zinazoingia kwenye mfuko wa koti. Anayesafiri alfajiri asinywe usiku. Sina jibu laini zaidi ya hilo kwa mtu anayeendesha tani 30.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Mama anasema mbege ni chakula, ina ndizi na ulezi, haina kemikali, na itaniongezea damu na baadaye maziwa. (Msomaji, Kilimanjaro)

JIBU: Mama yako anasema kweli kuhusu ndizi na ulezi, na angeweza kuongeza gome la msesewe linaloipa ule uchungu wake. Lakini ikishachachuka, kilichomo ni ethanoli ileile iliyomo kwenye bia na kwenye gongo, kwa kiasi kidogo zaidi kwa kila glasi, na kwa kuwa mbege hunywewa kwa kata wala si kwa glasi, kiasi hicho hujumlishwa haraka. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halijakomaa. Inaweza kumdumaza, kumharibia umbo la uso na, baya zaidi, kuathiri ubongo wake kwa namna itakayoonekana akianza shule. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama katika ujauzito. Damu iongezwe kwa mboga za majani, maharage, dagaa na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki. Ulezi ni mzuri sana, ila ukiwa uji.

SWALI: Je, ni kweli kwamba glasi moja ya mvinyo kila siku ni dawa ya moyo? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Dhana hiyo ilienea sana miaka ya nyuma, na ushahidi wake umezidi kudhoofika, kwa sababu tafiti nyingi za zamani ziliwahesabu pamoja na "wasiokunywa" watu waliokuwa wameacha pombe kwa kuugua. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Pombe imewekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, na inahusishwa na saratani za aina saba zikiwemo za koo, ini, matiti na utumbo mpana. Kwa hesabu za shirika hilo, vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019 vilitokana na pombe. Anayekunywa glasi moja hatakufa kesho, lakini asiiite dawa.

SWALI: Rafiki zangu hunywa chang'aa ya kupimiwa. Wanasema ile mbaya inajulikana kwa harufu, na kwamba ukiinywa kwa bahati mbaya unakunywa maziwa lita moja. Naomba ukweli. (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Maziwa hayasaidii, na harufu haimwokoi mtu. Kinachoua kwa wingi ni methanoli, pombe ya viwandani inayotumika kutengenezea rangi na viyeyusho, ambayo mfanyabiashara huiongeza kwenye pipa ili kilevi kiwe kikali kwa gharama ndogo. Inanukia na kuonja karibu sawa na ethanoli, na wale wanaowasha kijiko kwa kiberiti kutazama rangi ya moto wanajifariji bure, kwa kuwa mchanganyiko wa hizo mbili huwaka bila kukuambia kitu cha kuaminika. Nairobi iliona maafa hayo Novemba 2000 katika vitongoji vya Mukuru, ambako zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ililegeza marufuku ya chang'aa kwa sharti kwamba itengenezwe kwa leseni na kuuzwa kwenye chupa, lakini bei ya chupa yenye leseni na mfuko wa kibarua havikukutana, na pipa likabaki mahali pake. Mnamo Februari 2024 watu 17 walikufa katika kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu. Tanzania nayo ilipopiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, ililenga unafuu uleule wa bei uliokuwa ukiwavuta hata wanafunzi, ingawa mnywaji aliyekosa kiroba na asiyemudu chupa bado gongo anaijua ilipo.

Ubaya wa methanoli ni kwamba haina haraka. Kwanza mtu hulewa kama kawaida, analala, na pengine anaamka akidhani ni uchovu wa jana. Ini huigeuza polepole kuwa asidi ya fomiki, na kwa kawaida baada ya saa 12 hadi 24 ndipo maumivu ya tumbo, kutapika na kuhema kwa nguvu huanza, kisha macho huona ukungu mweupe au giza kabisa, kwa sababu asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Akinywa tena pombe ya kawaida dalili huchelewa zaidi, jambo linalowadanganya wengi. Hospitalini hutumika dawa inayoitwa fomepizoli, na isipokuwepo, madaktari hutumia ethanoli yenyewe kwa vipimo vya uangalifu ili ini lishughulike nayo na kuiacha methanoli, huku damu ikisafishwa kwa mashine. Jambo hilo lisijaribiwe nyumbani, kwa sababu bila kupima damu hakuna anayejua kiasi kinachotosha wala lini asimame.

Mmoja wenu akianza kuona ukungu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri pakuche, mkichukua na chupa au kibuyu kilichobaki ili kipimwe. Waliokunywa kutoka pipa lile waende pamoja naye, hata kama bado wanaona vizuri na wanasema hawajambo.